Ubeti wa Tatu

Hasira hasara, wanasema wahenga, na mimi si wa kubishana na wahenga. Lakini ile hasira yangu ya Jumanne, niliyoimwaga kwa wino mwekundu mezani pangu kazini, mpaka leo sijaijutia hata chembe.

Mimi ni msahihishaji. Miaka thelathini nimekaa kwenye chumba cha vioo nyuma ya kiwanda cha uchapaji cha kaka yangu, nasoma kila kitu kabla hakijaingia mtamboni: vitabu vya shule, kalenda, kadi za harusi, matangazo ya dawa ya mende. Nikikuta kosa, napiga mstari mwekundu. Kiwandani wananiita Kalamu. Wakidhani siwasikii wananiita Kalamu Kali. Nawasikia sana, ila jina lenyewe nimelitolea jasho, kwa nini nilikatae?

Asubuhi hiyo kaka aliniletea prufu kwa mkono wake mwenyewe. Prufu ni zile kurasa za majaribio tunazozipitia kabla ya kuchapa. Alizibwaga mezani bila hata kuziangalia.

"Kijitabu cha kuwekwa ndani ya jalada la santuri," akasema. "Siku hizi watu wamerudia santuri, sijui wamerogwa na nini. Nizione kabla ya saa sita. Mitambo yote nimeizima, inakusubiri wewe."

"Na mimi nimeamka salama, kaka, asante kwa kuniuliza."

"Ah, na wewe!" Akaondoka akitikisa kichwa.

Nikavaa miwani, nikafunua ukurasa wa kwanza, na hapo hapo moyo ukanipasuka paa. Ilikuwa picha: kijana mwembamba, koti limempwaya mabegani, mikono ya koti imepunguzwa kwa uzi usiofanana na kitambaa. Uzi ule niliutia mimi. Macho yake hayakuitazama kamera. Yalitazama kidogo pembeni, kushoto kwa mpiga picha, mahali nilipokuwa nimesimama mimi nikiwa na miaka ishirini na mitano, nikimwambia acha kununa, cheka, unapigwa picha siyo sindano.

Chini yake wameandika kwa herufi kubwa: BLANKETI. ALBAMU ZOTE MBILI, ZIMETOLEWA UPYA.

"Dada, vipi?" Mama Pacha akaniuliza. Huyu ni mpanga kurasa, meza yake inaelekeana na yangu, na hakuna kinachompita. "Mbona umekuwa hivyo? Umekuta tusi?"

"Nimemkuta mtu."

"Mtu gani?"

"Fanya kazi, Mama Pacha."

Ngoja niwaeleze, maana najua wengi wenu hamjawahi kumsikia. Blanketi aliimba muziki wa soul, ule wa mtu kufumba macho akamwaga moyo polepole, wakati ambapo kila mtu alitaka muziki wa kutimua vumbi. Redio ilimpiga mara mbili ikamsahau. Albamu zake zilikaa kwenye rafu za maduka mpaka majalada yakapauka. Lakini mimi niliyemsikia akiimba jikoni kwa shangazi yake huku anaosha vyombo, nawaambia kweli tupu: sauti ile ukiisikia unajifunika nayo. Ndiyo maana tukamwita Blanketi.

Kasoro yake ilikuwa moja. Akiimba, maneno yalitiririka. Akizungumza, alishikwa na kigugumizi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilizaliwa bila breki za mdomo. Yeye akianza, "N-na-na..." mimi nishamalizia, "Nakupenda, najua, na mimi nakupenda," kumbe mwenzangu alitaka kusema nauli imemwishia. Alinipa jina la Haraka. Tulicheka sana. Nilidhani kummalizia sentensi ni kumsaidia.

Kaka yangu hakucheka. Yeye ndiye aliyenilea tangu wazazi walipofariki, na kwake mwanamuziki alikuwa mtu asiye na mbele wala nyuma. "Tena huyo," alikuwa akisema, "jina lake tu linamchukua nusu saa. Ataombaje posa? Mpaka amalize, bibi harusi ameshazeeka." Na kila jioni swali lilikuwa lile lile: anakuoa au hakuoi?

Basi siku moja mchana, nje ya studio, nikamkamata Blanketi kwenye ngazi. Nikamwuliza wazi. "Unanioa au hunioi? Nimechoka kuulizwa."

Midomo ikamtetemeka. Alikodoa macho, shingo ikamkaza, neno likakwama pale pale. Nami nilimngoja kwa ule ungojaji wangu, yaani sikungoja kabisa.

"Haya, nimeelewa!" nikasema, nikageuka.

Akanishika mkono wa gauni. "W-wimbo," akasema. "Wa m-mwisho. J-jibu litakuwemo. S-sikiliza."

Wiki iliyofuata akasafiri kwenda mji mwingine kufanya kazi. Albamu yake ya pili ikatoka Alhamisi moja ya mwezi uliofuata, na mteja wa kwanza dukani nilikuwa mimi. Nilikimbia nayo nyumbani, nikaiweka kwenye gramafoni sebuleni, kaka akiwa kwenye kochi lake. Nikaruka nyimbo zote. Nikashusha sindano kwenye wimbo wa mwisho, upande wa pili. Unaitwa "Ngoja Nimalize".

*Maneno yangu ni wageni, hufika mlangoni yakasita,*
*Nawe hufungua mapema, kabla jina sijalitaja.*

Nikacheka na machozi yakanitoka, kwa sababu huyo alikuwa mimi kabisa. Ukaja ubeti wa pili.

*Umeniuliza swali jepesi, ulimi wangu ukafungwa,*
*Leo nakujibu kwa wimbo. Jibu langu, jibu langu...*

Hapo sauti ikaanza kufifia. Ikafifia, ikafifia, kama mtu anayeondoka bila kuaga. Kisha sindano ikabaki inakwaruza: khrr, khrr, khrr.

Kaka akaangua kicheko. "Hilo ndilo jibu lako! Khrr!"

Niliusikiliza wimbo ule mara arobaini siku ile ile. Jibu halikuwemo. Nikaona nimechezewa shere mbele ya ndugu yangu, nikaivunja santuri kwa goti. Santuri haivunjiki kirahisi, mjue. Alama ninayo mpaka leo. Mwaka uliofuata nikaolewa na mwalimu, mtu mwema, tukalea mtoto mmoja, na miaka saba iliyopita nikamzika mume wangu kwa heshima zote. Sikumlalamikia lolote. Lakini ile khrr haikunitoka masikioni. Mwanamke anaweza kusamehe kuambiwa hapana. Kunyimwa jibu ni kitu kingine.

Sasa mniambie, baada ya hayo yote, nifunue ukurasa wa kumi na moja wa prufu nikute "Ngoja Nimalize" ina beti tatu!

Nikausoma huo ubeti wa tatu. Nikausoma tena. Damu ikanipanda. Nikajua tu: kuna mjanja ameona wimbo umekatika vibaya, akajitungia mwisho wa kuvutia wanunuzi. Nikashika kalamu, nikapiga mstari kutoka pembe hadi pembe, na pembeni nikaandika: ONDOA. WIMBO HUU UNA BETI MBILI. MSIMTIE MTU MANENO KINYWANI. Niliibinya kalamu mpaka karatasi ikachanika. Kisha nikanyanyua simu nikampigia mteja, binti mmoja mpenda santuri ambaye ndiye aliyezitoa upya hizo albamu.

"Haloo, shikamoo mama. Prufu zinaendeleaje?"

"Marahaba. Zina uongo ukurasa wa kumi na moja."

"Uongo gani tena?"

"Ubeti wa tatu. Nani kautunga? Wewe?"

"Mama, kwani wewe unaujua huo wimbo? Mimi santuri yake niliiokota kwenye takataka za nyumba iliyokuwa inahamwa. Nimezunguka miaka miwili natafuta mtu hata mmoja anayeujua."

"Naujua unavyoanza na unavyokwisha. Unakwishia kwenye 'jibu langu'. Baada ya hapo ni sindano inakwaruza."

"Kwenye santuri, sawa. Lakini tulipoufungua utepe wa studio, ule wa kurekodia, tukakuta unaendelea. Mama, huo wimbo ulikatwa."

Nilikuwa nimesimama. Nikakaa.

"Ulikatwa na nani?"

"Ngoja kidogo, mwenye wimbo yuko hapa kwangu." Nikasikia mkono umeziba simu, mnong'ono, kisha mnong'ono tena. Binti akarudi. "Mama, anauliza, huyo msahihishaji ana hasira?"

"Mwambie anazo!"

Nikasikia mwanamume anacheka kwa mbali, kicheko cha chini, cha kifuani. Nilikijua kicheko kile.

"Anasema basi anakujua," binti akasema. "Ameshachukua kofia yake. Anakuja."

Simu ikakatika. Mama Pacha alikuwa ameacha kazi kabisa, kidevu mkononi.

"Nani anakuja?"

"Hakuna anayekuja. Mama Pacha, nitazame. Nikoje?"

"Una wino puani."

Nikafuta kwa kidole nilichokilamba. "Na sasa?"

"Sasa umeenea mpaka shavuni. Hebu njoo hapa." Akanifuta kwa ncha ya kitambaa chake kama mtoto anayepelekwa shule. "Dada yangu, unatetemeka."

"Ni baridi."

"Baridi gani, na feni imeharibika?"

Nusu saa ilipita, sikusoma hata mstari mmoja. Nilijiambia nitamkaripia. Nilijiambia nitakuwa baridi kama maji ya mtungi. Nilijiambia huenda amenenepa, ana meno matatu na mke wa tatu, na mambo yatakuwa rahisi.

Hakuwa amenenepa. Alikuja taratibu katikati ya mitambo iliyozimwa, nikamwona kupitia kioo, nywele nyeupe zote, kofia ameishika kifuani, begani mfuko wa kitambaa. Alisimama mlangoni akaniangalia. Macho ni yale yale ya kwenye picha, ila safari hii hayakutazama pembeni. Sijui tuliangaliana muda gani. Mama Pacha baadaye aliapa kwamba alimaliza kupanga ukurasa mzima, lakini Mama Pacha huongeza chumvi.

"H-H-Ha..." akaanza.

"Haraka," nikamalizia, na papo hapo nikataka kujifinya.

Akatabasamu. "B-bado hujaacha?"

"Bado. Kaa."

Akakaa kwenye kiti cha wateja, prufu katikati yetu. Akaona mstari wangu mwekundu. Akaugusa kwa kidole pale karatasi ilipochanika. Vidole vyake vilikuwa safi na vyepesi, kucha fupi. Alikuwa fundi saa, nilikuja kujua, kazi ya mtu asiyetaka kuulizwa maswali.

"U-umenikata," akasema.

"Wewe ndiye uliyenikata mimi! Miaka thelathini na mitatu! Uliniambia jibu litakuwemo, nikakimbia na santuri kama mwehu, nikakaa mbele ya kaka yangu nikaambulia khrr. Unajua alivyonicheka? Kama hukutaka, si ungesema hutaki?"

"N-nilirudi, nikakungoja." Na yeye sasa sauti ilimpanda, shingo ikamkaza. "K-kituoni. Tangu saa nne m-mpaka treni ya jioni."

"Kituo gani? Ningekujaje nisikoitwa?"

"N-nilikuita!"

"Uliniita wapi?"

Alitoa kwenye mfuko redio ndogo ya kaseti, na boksi moja bapa la kadibodi, la zamani, pembe zimeliwa na panya. Akaliweka boksi mbele yangu. Lilikuwa boksi la utepe wa studio. Juu yake mtu aliandika kwa kalamu ya risasi, mwandiko mzuri wa mtu mwenye shughuli nyingi: *Upande wa pili umejaa. Wimbo wa mwisho ni mrefu mno. Fifisha baada ya ubeti wa pili.*

Niliyasoma maneno hayo kama ninavyosoma kila kitu, herufi kwa herufi. Hapakuwa na kosa hata moja. Fundi fulani wa studio alipima muda, akaona wimbo hautoshei kwenye santuri, akakata. Hakumjua Blanketi anaoa nani. Alikuwa na kalamu na alikuwa na haraka. Nikaiangalia kalamu yangu mwenyewe iliyolala juu ya ukurasa wa kumi na moja, nikaona haya.

"Na wewe hukuwaambia?" nikauliza. "Hukuisikiliza santuri yako mwenyewe?"

Akatikisa kichwa. "S-sijawahi kusikiliza santuri zangu. M-mpishi hali alichowapikia wageni. Na b-baada ya kituo..." Akapunga mkono. "Ndiyo k-kabisa. M-mwezi uliopita binti akanichezea santuri, halafu utepe. N-niliposikia ile sindano inakwaruza nilitoka nje n-nikakaa kwenye ngazi. Nikasema, m-masikini. Hakusikia."

"Ulidhani nimekukataa."

"N-nilidhani umekuwa na heshima. U-umekataa bila kelele."

"Mimi? Bila kelele?"

Akacheka, nami nikacheka, kisha akabonyeza kitufe cha redio.

Mitambo yote ilikuwa imezimwa, kwa hiyo sauti ilienea kiwanda kizima. Sauti ile, jamani! Si ya mzee huyu aliyekaa mbele yangu, na ndiye huyo huyo. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. *Jibu langu, jibu langu...* Nikafumba macho, mwili wote umejikaza, nangoja ifanye kama ilivyofanya siku ile. Haikufifia. Kinanda kikapanda, ngoma ikaingia, na Blanketi akavuta pumzi, nikaisikia ile pumzi, akaimba:

*Jibu langu ni ndiyo, ndiyo tangu siku ya kwanza,*
*Jumapili hii saa nne, kituoni nitakungoja.*
*Njoo na begi, njoo mikono mitupu, wewe njoo tu,*
*Na usipotokea nitajua, wala sitakulaumu.*

Nililia. Sitaki kuwadanganya kwamba lilinitoka chozi moja la kistaarabu. Nililia kwa sauti, miwani ikajaa ukungu, na katikati ya kulia nikagundua kwamba silii kwa uchungu. Nilipumua. Nilipumua mpaka chini kabisa ya tumbo, nikajua kumbe miaka yote hii nilikuwa nimebana pumzi. Hakunichezea shere. Hakuniacha njiani. Msichana yule aliyevunja santuri kwa goti hakuwa mjinga wa kupenda mtu asiyempenda. Alipendwa. Alijibiwa ndiyo, kwa sauti nzuri kuliko zote, sema ndiyo yenyewe ilikaa kwenye boksi na panya.

"P-pole," Blanketi akasema. Na yeye macho yalimlowa.

"Pole na wewe. Ulikaa kituoni siku nzima. Ulikula hata kitu?"

"N-ndizi mbili."

"Ndizi mbili! Maskini wa Mungu." Nikamshika mkono juu ya prufu, na hakuutoa.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa kwa kishindo. Nani? Kaka, saa yake mkononi.

"Muziki wa nini kazini? Saa sita kasoro dakika tano! Mtambo..." Akauona mkono wangu ulipo. Akapandisha macho mpaka usoni kwa mwenye mkono wa pili. Nilimwona anavyomtambua, polepole, kuanzia kwenye mabega. "Huyu tena?"

Blanketi akasimama, kofia kifuani. "Sh-sh-shikamoo, kaka."

Sasa shikamoo ni kitu kigumu. Hata ukimchukia mtu vipi, ukishatolewa shikamoo, utaitikia tu.

"Marahaba," kaka akasema, kama anayeng'olewa jino. Kisha akanigeukia mimi. "Mdogo wangu, hii ni nini? Una mjukuu! Una jina lako! Watu watasema nini? Mwalimu, Mungu amrehemu, atakuonaje huko aliko?"

"Mwalimu alikuwa ananiambia nicheke zaidi. Na watu wamesema tangu nilipozaliwa, hawajachoka?"

"Mtu alikukimbia mchana kweupe!"

"Hakunikimbia. Aliniita nikachelewa. Alikuwa na jibu, likakatwa." Nikamsukumia lile boksi. "Soma."

Kaka akasoma. Yeye ni mchapaji tangu ujana, anajua maana ya upande kujaa. Akasoma mara ya pili. Nikaona masikio yake yanabadilika rangi, na nikajua anakumbuka kochi, sebule, na kile kicheko.

"Lo," akasema taratibu. Akakaa kwenye ukingo wa meza ya Mama Pacha, juu ya kurasa zilizopangwa, na Mama Pacha hakuthubutu kumwondoa. "Kwa hiyo siku ile..."

"Siku ile ulinicheka, kaka."

"Nilikucheka." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nilijua unaondoka, nitabaki mwenyewe. Ile santuri ilipokatika, nilifurahi. Mungu anione, nilifurahi." Hilo sikuwahi kulisikia. Nilimwangalia mzee huyu mgomvi aliyeniletea prufu kila asubuhi kwa mkono wake mwenyewe wakati ana wafanyakazi kumi na wawili, nikampa leso yangu. Mimi, Kalamu Kali.

Lakini kaka hakuzoea kukaa na aibu muda mrefu. Akajikohoza, akamgeukia Blanketi kwa ukali wake wa kawaida. "Haya bwana. Umekuja. Unataka nini sasa? Sema."

Blanketi akaigeuza kofia mikononi. Akanitazama mimi, siyo kaka.

"J-J..." akaanza. "Juma..."

Nikalijua neno. Nikajua na litakalofuata, na litakalofuata hilo. Mdomo ukanifunguka wenyewe, mazoea yana tabu, ulimi ukagusa meno tayari. Nikauma. Niliuuma ulimi wangu, jamani, mpaka nikasikia chumvi.

"Ju-Juma..."

"Jumapili?" kaka akadakia. "Unataka kusema Jumapili? Sema basi, mtambo unanisubiri!"

"Mwache amalize," nikasema.

Kaka akafunga mdomo. Mama Pacha alikuwa ameshikilia kitambaa chake kwa meno. Saa ya ukutani ikasogea. Shingo ya Blanketi ikakaza, jasho likamtoka kwenye paji la uso, akafumba macho, akayafumbua, nami sikumtolea hata herufi moja. Nilikaa tu pale namwangalia, na nawaambia, katika maisha yangu yote sijawahi kumwangalia mtu vizuri namna ile. Nilikuwa namharakisha nini siku zote, wakati hata kukwama kwake kulikuwa kwa ajili yangu?

"Jumapili," akasema. "S-saa nne. K-ki..." Tukangoja. "Kituoni. N-nitakungoja. Utakuja?"

Nikahakikisha kwanza amemaliza yote. Nikahesabu moyoni mpaka tatu, kusudi kama kuna neno limebaki nyuma, lifike.

"Ndiyo," nikasema. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, sikuongeza kitu.

Kaka akashusha pumzi ndefu kuliko zetu zote. "Haya, imetosha. Dakika imepita saa sita. Prufu yangu iko wapi?"

Nikaivuta. Msahihishaji akikata kitu kwa makosa kuna njia ya kukirudisha: unaweka nukta nukta chini ya maneno uliyoyakata, na pembeni unaandika neno moja. Nikaweka nukta chini ya mistari yote minne, moja moja, bila haraka, nikiizunguka ile sehemu iliyochanika. Pembeni nikaandika: IACHWE. Nikatia sahihi, nikampa.

Kaka akaisoma pale pale amesimama, midomo inacheza. Alipofika kwenye begi na mikono mitupu, akainua macho kumtazama Blanketi.

"Begi lake nitalibeba mimi mpaka kituoni," akasema. "Anajaza sana. Wewe hutaliweza, shemeji."

Akatoka na ukurasa wetu mkononi kwenda kuuwasha mtambo.